Kuni za Ijumaa

Mume wangu hakuamini kwamba kuna Mungu, na ni yeye aliyenitayarishia Sabato miaka yote ya mwisho ya maisha yake. Kanisani kwetu watu walishindwa kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Wengine walisema ninamfichia aibu yake, wengine wakasema amechanganyikiwa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kwamba hajachanganyikiwa hata kidogo, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa asiyetujua, sisi ni Wasabato, wakulima wa chai na ndizi huku Nyamira. Sabato yetu huanza Ijumaa jua linapozama, na kutoka hapo hadi jua la Jumamosi lizame hatufanyi kazi. Chai haichumwi hata kama majani yamekomaa na gari la majani linapita. Maji hayachotwi. Kuni hazipasuliwi. Kwa hiyo Ijumaa alasiri ni mbio: viatu vinapakwa rangi, nguo zinapigwa pasi, chinsaga, mboga yetu chungu ya majani, inachemshwa na kuungwa kwa maziwa ili kesho ipashwe moto tu. Kisha jua likigusa mlima wa ng'ambo, baba wa nyumba anawaita watu wote sebuleni, tunaimba, naye anaomba sala ya kufungua Sabato. Sala hiyo nyumbani kwetu humtaja kila mtu kwa jina, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na walio mbali pia. Hakuna anayerukwa. Hata mtoto aliyekosana na babake wiki nzima atasikia jina lake likipelekwa mbinguni, apende asipende.

Mume wangu aliisali sala hiyo ya majina tangu tulipooana. Alikuwa na sauti ya besi iliyoshikilia kwaya nzima ya kanisa letu. Siku aliyoniambia tulikuwa kwenye chai, asubuhi, kila mtu na kikapu chake mgongoni. Nyumbani tunasema Ekegusii, kwa hiyo maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mwalimu," aliniita, maana ndivyo alivyoniita hata mbele ya wageni, "mimi nimeacha kuamini."

Alilisema kama mtu anayetangaza kwamba ameacha kutia sukari kwenye uji. Nilimgusa shingo nione kama ana homa.

"Nani amekuudhi?" nikamuuliza. "Mchungaji?"

"Hapana."

"Kuna kitu umekisoma?"

"Nitasoma nini na miwani uliikalia?"

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ulimi wangu haukustaafu pamoja nami. Nilimhoji safu nzima ya chai mpaka mwisho wa shamba. Nilikuwa nikitafuta sababu. Kama tungekuwa tumefiwa na mtoto, ningejua pa kuanzia. Kama angekuwa na mwanamke huko Kisii mjini, ningejua pia pa kuanzia, tena ningeanzia kwa mwanamke huyo. Lakini watoto wetu walikuwa wazima, chai ilikuwa nzuri, na yeye mwenyewe hakuwa na kinyongo na mtu. Aliniambia kwamba kila anapoomba anajua hakuna anayesikiliza. Alikuwa amejua hivyo kwa muda mrefu, akidhani itapita. Haikupita.

Sabato iliyofuata alisimama kanisani wakati wa ushuhuda. Nilishika ukingo wa benchi. Aliwaambia ndugu na dada kwamba haamini tena, na kwamba si haki jina lake kukaa miongoni mwa waumini, basi anaomba liondolewe. Aliketi. Mtoto mmoja alicheka, akazibwa mdomo. Mimi nilitamani sakafu ipasuke initwae na kofia yangu.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alimvuta kando, chini ya mikaratusi, na mimi nikawasogelea maana sikuwa tayari kukosa neno. Mzee alisema kwa upole, "Ndugu yangu, kwani lazima useme? Kaa tu. Wengi tuko hivyo hivyo."

Sijui kama mzee huyo alipata kujua alichonifanya. Mume wangu aliniumiza moyo, lakini mzee huyu alinitia kichefuchefu. Wengi wako hivyo hivyo! Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nafundisha Shule ya Sabato na niliwajua wanafunzi wangu mmoja mmoja. Tulikuwa na mwenye duka huko Masimba ambaye kila Jumamosi alifunga mlango wa mbele, akaja kuketi nasi safu ya pili akiwa na tai shingoni, na huku mpwa wake anauza unga na mafuta ya taa kwa mlango wa nyuma. Tulikuwa na waliomkumbuka Mungu mwaka wa mtihani wa mtoto na kumsahau matokeo yakitoka. Nimewaambia watu hawa mara nyingi, na nitawaambia tena: anayesema hakuna Mungu amejibu swali, hata kama amelijibu vibaya. Nyinyi hamtaki hata kuulizwa. Mnamweka Mungu kama mwavuli nyuma ya mlango, na kukiwa na jua hamkumbuki uko wapi.

Mume wangu alisikia kwangu habari ya mlango wa Masimba, akacheka mpaka akakohoa. Kila alipomwona mwenye duka yule njiani aliniambia, "Huyo anaenda mbinguni kwa mlango wa nyuma." Hata mimi nilicheka. Tulikuwa tumebaki wawili tunaocheka jambo moja kutoka pande mbili.

Basi jina lake likaondolewa, na mimi nikaanza vita. Sikuwahi kumwombea kimyakimya kama wanavyofanya wanawake wapole. Nilibishana naye kwenye chai, mezani, njiani tukienda sokoni. Mwaka mmoja jirani mmoja alisogeza ua wake ndani ya shamba la mjane aliyepakana nasi. Mume wangu alishindwa kula. Alikwenda kwa chifu, akarudi, akaenda tena, akawa anazunguka uani na kusema huu ni uovu, huu ni uovu.

"Uovu kwa nani?" nikamuuliza. "Kama hakuna aliye juu yetu, ua ni ua tu. Mwenye nguvu anaupanda anapotaka. Hiyo hasira yako inasema kuna haki ambayo hata chifu hawezi kuifuta. Umeitoa wapi?"

Alifikiri sana. Hakuwa mtu wa kujibu ili ashinde.

"Sijui nilipoitoa," alisema. "Naikuta ndani yangu. Lakini haijaandikwa jina la mtu."

"Na shamba ukilikuta limelimwa vizuri, mistari imenyooka, utasema halina mwenyewe kwa sababu hukuona jina lake kwenye ua?"

Alicheka, akapiga goti lake. "Hapo umenishika, Mwalimu. Umenishika kabisa. Lakini kushikwa si kuamini."

Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimeshinda na sikupata kitu. Siku nyingine mjukuu wetu wa kwanza alipoletwa nyumbani, mume wangu alimpakata akasema, "Asante." Chumba kizima kilisikia. Niliruka. "Unamshukuru nani?" Akainua macho, akaona jinsi nilivyokuwa nikimngojea, na uso wake ukaingia huruma. "Imenitoka tu, mama," alisema. Siku hiyo hakuniita Mwalimu.

Lakini Ijumaa hakuacha. Hili ndilo nililotaka kueleza tangu mwanzo. Alasiri alishika shoka, akaenda nyuma ya jikoni na kupasua kuni za kutosha siku mbili. Akachota maji, akajaza mitungi. Wiki ya kwanza nilimchokoza.

"Wewe si umeacha? Kuni za nini?"

"Wewe hujaacha," akajibu. "Na kesho utakula."

Nyuma ya jikoni kwetu migomba na mikaratusi inazuia jua. Huwezi kuona linapozama. Mimi nikiwa mbele ya nyumba niliuona mlima wa ng'ambo wote. Zamani, kabla hajaacha kuamini, shoka lake liliwahi kulia baada ya jua kuzama, nikatoka na kumkaripia mpaka majirani wakasikia. Tangu hapo kila Ijumaa aliniuliza kwa sauti kutoka kule nyuma, "Jua limezama?" Nikisema "Bado," shoka linaendelea. Nikisema "Limezama," linanyamaza hapo hapo, hata kama gogo limepasuka nusu na shoka limekwama ndani yake. Kisha ananawa mikono na kuketi kwenye ngazi ya nje, huku sisi tukiingia kuimba.

Kwa kuwa baba wa nyumba alikuwa nje, mimi ndiye niliyefungua Sabato. Nilianza na mkubwa, yaani yeye. Nilimtaja kwa sauti kubwa ili asikie kupitia mlangoni. Nilimwomba Mungu amrudishe. Sikuwa naomba kwa mashaka. Nilikuwa na hakika atarudi, kama nilivyo na hakika kwamba chai ikikatwa huchipuka. Kwangu ilikuwa ni suala la wakati tu, na wakati nilimwachia Mungu.

Kisha alianza kushindwa kumeza. Kwanza obokima, yaani ugali, halafu ndizi, halafu hata uji. Huku kwetu watu wanaujua ugonjwa huo kabla daktari hajautaja. Tulimlaza hospitali moja huko Kisii, na kwa kuwa alilalamika baridi nilishuka mpaka soko la Daraja Mbili nikamtafutia blanketi zito la mtumba, la rangi ya kahawia. Alilisifu kuliko dawa zote.

Sikuficha nilichokuwa nikingoja. Niliketi kando ya kitanda na kumtazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Nilimwambia wazi kwamba muda umekwisha, kwamba Mungu hajachoka, kwamba neno moja linatosha. Nilimwambia kwamba sisi tunaamini wafu wamelala mpaka siku ya ufufuo, na kwamba nikiamka siku hiyo nataka nimkute. Nililia mbele ya wagonjwa wengine bila aibu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo sana.

"Ningetaka kukupa," alisema. "Hakuna kitu kingine ulichowahi kuniomba nikakunyima. Lakini nikidanganya sasa, utakuwa umeolewa na nani miaka hii yote?" Akapumzika. "Na nikifa usiniongezee kitu."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya mwisho yenye urefu.

Ijumaa hiyo kaka yangu, mzee wa kanisa kutoka Ogembo, alikuja kuniondolea upweke. Dirisha la wodi lilitazama ukuta. Mume wangu alikuwa amelala tangu asubuhi bila kusema. Jioni ikikaribia alifungua macho, na kwa sauti tuliyoisikia sote wawili akauliza, "Jua limezama?"

"Bado," nikamjibu.

Mikono yake ilisogea juu ya blanketi. Ule wa kulia ulijikunja, ule wa kushoto ukashuka chini yake kidogo, ikashika. Kisha ikalegea. Hakusema tena. Alifariki asubuhi ya Sabato nikiwa nimetoka kuosha kikombe.

Kaka yangu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Alinishika mabega pale kwenye ukumbi wa hospitali. "Umesikia! Ameuliza Sabato! Neno lake la mwisho, dada, ameuliza Sabato ya Bwana!"

Tulipofika nyumbani habari ilikuwa imeshafika kabla yetu. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa, akiwemo yule wa chini ya mikaratusi. Walinipa pole, wakaomba, wakanywa chai. Kisha mchungaji, ambaye ni mtu mwema, alieleza bila kuzunguka. Marehemu si mshiriki, na kanisa haliongozi mazishi ya aliyelikana hadharani. Lakini mtu akirudi hata saa ya mwisho, amerudi. Kaka yangu ameshuhudia. Linabaki neno la mjane tu, na kwaya itakuja na sare zake, mahubiri yatatolewa, na atazikwa kwa tumaini la ufufuo kama muumini yeyote.

Wote walinitazama. Watoto wangu walikuwa wamesimama ukutani. Binti yangu mkubwa, ambaye tangu utotoni hajawahi kunikatalia jambo, alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu: sema ndiyo, mama, sema ndiyo. Nilijua kilichokuwa mbele yangu. Nikisema ndiyo, nitaimba kaburini kwamba tutaonana. Nikisema hapana, nitakuwa nimekubali kwa kinywa changu kwamba hatutaonana.

Nilitaka kuamini. Naliandika hili kwa sababu watu wanadhani nilikuwa mgumu. Nililipindua swali lile kila upande nikitafuta Mungu ndani yake. Lakini niliiona ile mikono juu ya blanketi. Nimeitazama mikono hiyo Ijumaa nyingi mno, sikuweza kukosa kujua ilikuwa imeshika nini. Ilikuwa imeshika mpini wa shoka.

"Aliuliza kwa ajili ya kuni," nikasema.

Hawakuelewa. Nikawaeleza yote, migomba, mikaratusi, shoka, kwamba aliniuliza swali lile kila Ijumaa huku haamini, ili mimi nisikwazike. Nikawaambia kwamba kabla ya hapo nilimsihi arudi na alikataa akiwa na akili zake timamu. Nikamaliza. Kaka yangu aliinuka akiwa amebadilika rangi. "Dada," alisema, "unamzika mara mbili."

 Jibu ninalo sasa, ingawa halinifariji. Maisha yangu yote nimewaambia wanaosema hakuna Mungu kwamba yupo na anaona. Nimewaambia wenye mguu mmoja ndani na mmoja nje kwamba yeye haendewi kwa mlango wa nyuma. Kama ningemvusha mume wangu kwa neno la kuongeza, ningekuwa ninasema kwamba Mungu hudanganyika. Na Mungu anayedanganyika na mjane mmoja wa Nyamira ni kitu gani? Ni sawa na hakuna. Ningekuwa nimekubaliana na mume wangu, tena kwa njia mbaya kuliko yake, maana yeye alikana wazi. Kama Mungu yupo, na yupo, zile kuni anazijua. Nilichoshindwa kupata popote ni ahadi kwamba zinahesabiwa kuwa imani. Nimeitafuta sana.

Mchungaji alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Basi," alisema, "tutakuja kama majirani." Nao walikuja, bila sare, wakaketi kwenye viti vya plastiki pamoja na watu wengine. Mjane wa ule ua alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa haki, akaketi. Hakuna aliyeimba. Mazishi ya kwetu yana kwaya na vipaza sauti mpaka kijiji cha tatu. Haya yalikuwa na sauti ya udongo tu. Mchungaji alichukua sepeto na kufukia pamoja na vijana hadi jasho likalowesha shati lake.

Jirani yangu mmoja Mkatoliki alinifuata kando ya kaburi, akaniomba ruhusa amwombee misa. "Sisi tunaombea wafu," alisema. Nilimwonea wivu wa kweli. Nilimshukuru nikamwambia kwamba mimi siwezi kumwomba afanye nisichokiamini. Aliniangalia kama mtu aliyenyoosha mkono kwa anayezama, na yule anayezama akakataa kuushika.

Tulimzika Ijumaa, mapema, ili watu wafike makwao kabla ya Sabato. Jioni watoto walikusanyika sebuleni na kunisubiri. Tuliimba. Nilifumba macho nikaanza na mkubwa, kama siku zote, na kinywa kikafunguka kwenye jina lake. Hapo ndipo nilipokwama. Hakukuwa na cha kuomba. Hatuwaombei wafu, hawajui neno lolote, na lao limekwisha andikwa. Sala niliyoisali miaka yote hiyo ilikuwa imejibiwa, na jibu lilikuwa hapana. Watoto walidhani nalia, wakaanza kulia wao.

Watu huniuliza kama imani yangu imetikisika. Haijatikisika. Ndiyo maana sina tumaini. Mwenye mashaka anaweza kujiambia kwamba labda mambo si kama yalivyofundishwa, labda kuna mlango mahali fulani. Mimi ninaamini yote, na kwa kuyaamini yote nimempoteza kabisa.

Kuni alizopasua kabla hatujampeleka hospitali bado ziko nyuma ya jikoni, chini ya mabati. Ninapikia gesi. Ijumaa mwanangu huchota maji, na mimi husimama mbele ya nyumba nikiutazama mlima wa ng'ambo. Jua likishuka lote nasema kwa sauti, "Limezama," ingawa hakuna aliyeuliza. Kisha naingia ndani kufungua Sabato. Sasa mkubwa wa nyumba ni mimi. Naanza na jina langu.